Bibi Harusi wa Lango la Majivu

Bibi harusi huingia mjini mara moja tu. Ndivyo wanavyosema watu wa Kesargadh, na ndivyo alivyoambiwa Monghi tangu akiwa msichana wa kuolewa mpaka alipokuwa kikongwe asiye na meno.

Yeye aliingia kwa lango lisilo lake.

Siku ile walikuwa wanatoka kijijini kwao, upande wa kusini, ndani ya gari la ng'ombe. Pindo la sari yake lilikuwa limefungwa fundo na kitambaa cha begani cha mumewe, Vashram, mtoto wa Hirji mfua shaba. Mapajani alipakata kimtungi cha shaba nyekundu chenye maji. Kimtungi hicho alikifua Vashram mwenyewe. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ambayo baba yake hakuitupa. Njiani gurudumu lilivunjika. Wakalitengeneza, likavunjika tena. Walipouona ukuta wa mji, jua lilikuwa limeshainama.

Enzi hizo malango yote yalifungwa ngoma ya jioni ikilia. Aliyebaki nje alilala nje, yeye na dhahabu zake na fisi.

Njia ya kijijini kwa akina Monghi inafika moja kwa moja kwenye Lango la Kusini. Hakuna anayeliita hivyo. Wote huliita Lango la Majivu, maana wafu wa mji hutolewa hapo kwenda kuchomwa kando ya kijito. Bibi harusi hapitishwi hapo. Huzungushwa nje ya ukuta, iwe mvua, iwe jua kali, mpaka Lango la Jua, upande wa mashariki, lenye tembo wawili wa mawe.

Hirji alilitazama jua, kisha akautazama ukuta ulivyo mrefu.

"Tukizunguka ngoma itatukuta vichakani," alisema. "Na saa njema ya mnajimu itakuwa imetupita."

"Mzee Hirji, harusi unaileta huku?" aliuliza Jusab, mlinzi wa lango. Alikuwa ameshika komeo mkononi. "Mimi huku nimezoea kuona watu wanaotoka, tena wamelala."

"Lango ni mawe, Jusab. Sogea."

"Mimi sina neno. Maneno mtayakuta huko ndani."

Chini ya mtandio mwekundu, Monghi alimvuta Vashram mkono. "Unasikia? Hili si lile la maiti?"

Ilikuwa mara ya kwanza Vashram kuisikia sauti ya mkewe. Mbele ya baba yake, bwana harusi hana mdomo. Gari likapita chini ya tao, mahali pa baridi panaponuka popo, kisha wakawa ndani.

Kabla ya mvua za mwaka ule Hirji alianguka karakanani, nyundo mkononi, akafa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Hakuna aliyesema kwamba Hirji ndiye aliyeamuru gari lipite pale. Marehemu alikuwa ameshakuwa mtu mwema. Mama yake Vashram alikaa chini sakafuni, akavunja bangili zake kama afanyavyo mjane, akamtazama mkwewe.

"Huyu hakuja peke yake," alisema. "Alikuja na mgeni."

Rambha, dada mkubwa wa Vashram, ndiye aliyempa jina. Rambha aliolewa mtaa wa pili, akafiwa na mume mapema, akarudi nyumbani kwao na sari nyeupe na ulimi mrefu. Hakumwita Monghi wifi hata siku moja. Alimwita Wa Kusini. Jina likapendwa. Likaenda mpaka kisimani, likaenda mpaka hekaluni, likarudi nyumbani.

"Wa Kusini ameshatoka nje?" majirani waliulizana asubuhi. "Hebu ngojeni apite kwanza, mimi naenda kesini."

Mtu akikutana na Monghi kichochoroni wakati anaondoka kwenda safari, aligeuka nyuma, akarudi kwake, akanywa maji, akaanza upya. Ng'ombe wa muuza maziwa alipokufa, mke wa muuza maziwa alisimama mlangoni kwao akapiga kelele mtaa mzima ukamsikia.

"Na mimi hata jina la ng'ombe wake silijui," Monghi alimwambia Vashram akiwa anasugua masufuria kwa ukwaju na majivu. "Ningejua, ningemsalimia."

Alikuwa na mdomo, Monghi. Hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu.

Walipata mtoto mmoja, wa kike. Ndui ikamchukua akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutamka maneno. Mwaka ule ndui iliingia kila mtaa, ikabeba watoto wa wanawake walioletwa kwa tembo na tarumbeta, kwa Lango la Jua. Wale waliambiwa ni mapenzi ya mungu mke wa ndui. Monghi aliambiwa ni lango. Baada ya hapo hawakupata mwingine, na hilo nalo likawa la lango.

Harusi za mtaani aliitwa kupika, kwa sababu mkono wake katika dengu ulikuwa hauna mfano. Lakini wakati wa kumpaka bibi harusi manjano, wanawake walioolewa wakikaa duara wakiimba, yeye aliambiwa akaangalie moto. Aliangalia moto. Vashram aliwahi kumwona siku moja, amechuchumaa kwenye moshi, anaimba peke yake wimbo uleule unaoimbwa ndani, hatua kwa hatua, hakuacha ubeti.

Kila mwaka Monghi alikwenda kijijini kumwona mama yake. Njia yake ilikuwa kusini, pale pale karibu na nyumbani. Hakuipita. Alitoka kwa Lango la Jua, akauzunguka ukuta kwa nje kichwani amebeba kifurushi, kwenye vumbi la watengeneza ngozi, kwenye jalala, kwenye joto ambalo hata mbwa hulala. Na kurudi, vivyo hivyo. Alipofika chini ya tembo wa mawe alitangulia kwa mguu wa kulia.

"Unajichosha bure," Rambha alimwambia. "Bibi harusi huingia mara moja. Hata ukiingia mara elfu kwa Lango la Jua, unaingia kama mtu anayetoka sokoni."

"Basi leo nimetoka sokoni, dada," Monghi alijibu. "Nimekuletea vitunguu."

Vashram aliyasikia yote hayo. Alikuwa anafua. Karakana yake ilikuwa barazani, na mfua shaba ana bahati hiyo, anaweza kupiga nyundo maneno yasisikike.

Miaka ikaenda. Mfalme akaondoka, serikali ikaingia, malango yakaachwa wazi usiku na mchana. Jusab akafa na komeo lake likauzwa chuma chakavu. Kisha ukuta wenyewe ukaanza kubomolewa ili malori yapite. Mawe yake yakajengea ofisi, yakajengea vyoo vya stendi. Mwisho Lango la Majivu likabaki limesimama peke yake kama mlango wa nyumba iliyoungua. Mbuzi walipita kushoto kwake, baiskeli zilipita kulia. Lakini maiti walipitishwa pale pale chini ya tao, na bibi harusi, hata akija na gari la kukodi kutoka upande wa kusini, dereva aliambiwa azunguke.

"Ukuta wameubomoa," Monghi alisema siku moja wanapita. "Wamesahau kubomoa lango."

Alianza kuugua majira ya baridi. Kifua kwanza, kisha miguu ikavimba. Vashram, ambaye alikuwa hajawahi kupika, alijifunza kukoroga uji wa uwele na kuupoza kwa mtindi. Ulikuwa na mabonge. Monghi aliyameza mabonge bila kusema kitu, na kwa Monghi hiyo ilikuwa dalili mbaya.

Katika maisha yao yote hawakuitana kwa majina. Mke hatamki jina la mumewe, na Vashram naye aliona aibu kulitaja lake. Walikuwa wanaitana "Unasikia."

"Unasikia?" Monghi alisema asubuhi moja.

"Nasikia."

"Nikifa, nitoe kwa Lango la Jua."

Vashram aliweka bakuli chini.

"Niliingia kwa lango la maiti nikiwa hai," alisema Monghi. "Sasa nitakuwa maiti. Nitoe kwa lango la maharusi. Tutakuwa tumemalizana nao. Sitaki kitu kingine."

"Hawatakubali."

"Umewauliza?"

Hakuwa amewauliza. Hakuwa amewauliza kitu chochote maisha yake yote. Alivaa kilemba chake cha kutokea, akaenda.

Alimwendea kwanza mkuu wa wafua shaba, ambaye alimsikiliza akitafuna tambuu, akatema, akasema jambo kama hilo si lake, ni la wenye maduka wa Lango la Jua. Akaenda kwa wenye maduka. Mkubwa wao alikuwa Talakshi, muuza nguo za harusi, mtu mnene aliyekaa juu ya godoro jeupe amezungukwa na sari nyekundu mpaka darini.

"Karibu, Vashram. Unaoa tena?" Wenzake wakacheka.

Vashram akaeleza. Hakuwa na maneno mengi, ikachukua muda mfupi tu.

Talakshi aliacha kucheka. "Wewe mzee, una akili timamu? Huu ni msimu wa harusi. Kila siku maharusi wanapita hapa mlangoni kwangu. Nani atapitisha binti yake mahali ilipopita maiti?"

"Mtaosha njia. Nitaosha mwenyewe."

"Tena si maiti yoyote," alisema mwingine kutoka nyuma. "Maiti ya Wa Kusini!"

"Ana lango lake," alisema Talakshi, sasa kwa upole, kama mtu anayempunguzia mteja bei. "Analijua, nalo linamjua. Mpeleke huko, kaka, usijitafutie makuu uzeeni."

Vashram alirudi nyumbani. Alikaa kwanza kisimani, akanawa uso, akanawa tena. Alipoingia, Monghi alikuwa amegeukia mlango.

"Wamesemaje?"

"Wamekubali."

"Hata Talakshi?"

"Talakshi ndiye aliyekubali wa kwanza."

Monghi alimtazama. Katika ndoa yao yote alikuwa anajua Vashram akisema uongo. Alijua hata alipoficha kwamba amekula mandazi ya samli sokoni. Siku ile hakujua. Au alikuwa amechoka sana kujua. Alifumba macho akatabasamu, tabasamu la msichana aliyepewa kitu alichokuwa hakitarajii, na Vashram akatoka nje kwa sababu hakuweza kukaa mahali lilipo tabasamu lile.

Monghi alikufa kesho yake, watu wakiwa wanakunywa chai.

Na hapo likatokea jambo la ajabu. Wanawake wa mtaa walikuja wakamsifu. Mke anayekufa kabla ya mumewe ana bahati njema, hakuvunja bangili, hakuvaa nyeupe. Hufa bibi harusi. Walimwogesha, wakampaka manjano, manjano yale yale ambayo hawakumruhusu kuyashika. Wakamtia rangi nyekundu utosini. Wakamfunika mtandio mwekundu wa harusi yake, uliokuwa umekunjwa sandukuni miaka yote hiyo, na kila mmoja akaugusa ukingo wake na kugusa paji lake mwenyewe ili apate bahati kama hiyo.

"Kafa na bahati yake," alisema mke wa muuza maziwa.

Hata Rambha aligusa.

Vashram alisimama mlangoni anawaangalia. Alitaka kucheka.

Vijana wa mtaa walilibeba jeneza la mianzi mabegani. Yeye, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume, alitangulia na chungu cha makaa. Njia inatoka mtaa wa wafua shaba, inafika njia panda penye bomba la maji. Kulia ni Lango la Majivu. Kushoto ni soko, na mwisho wa soko ni Lango la Jua.

Vashram alikata kushoto.

Alitembea kidogo, chungu mkononi, kabla ya kugundua kwamba sauti zinazolitaja jina la mungu Ram haziko nyuma yake. Aligeuka. Jeneza lilikuwa limesimama njia panda. Wabebaji walikuwa wanatazamana.

"Baba Vashram, siyo huko!" aliita mmoja.

"Ni huku. Nimemwahidi."

"Mzee amechanganyikiwa," watu walinong'ona. "Msiba huo." Na mtu mmoja, mtu mwema kabisa, akaja akamshika mabega, akamgeuza taratibu kama mtu anayemgeuza kipofu. "Twende, baba. Njia ni hii."

Alikuwa na chungu cha moto mikononi. Angekivunja pale pale chini. Angelala mbele ya jeneza. Aliyafikiria hayo yote baadaye. Wakati ule miguu yake ilikwenda ilikogeuzwa.

Chini ya tao la Lango la Majivu kuna jiwe la kupumzishia. Jeneza huwekwa hapo, likageuzwa, kichwa kikaja kulikokuwa miguu, ili marehemu asiijue njia ya kurudi. Walimweka Monghi, wakamgeuza. Popo walikuwa wale wale. Vashram aliinama kana kwamba anamweka sawa mtandio. Aliutoa, akauficha kwapani.

Kando ya kijito akamwasha moto.

Siku ya tatu walikwenda kuokota mifupa, yeye na kuhani wa mtaa, Labhshankar. Walimwagia majivu maziwa yakapoa. Mifupa na majivu huwekwa chunguni, na chungu hutundikwa kwenye mkwaju ulio nje ya lango mpaka siku ya kwenda mtoni. Majivu hayarudi mjini. Hakuna anayehitaji kuambiwa hilo. Mtoto mdogo anajua.

Vashram hakuja na chungu. Alikuja na kimtungi cha shaba nyekundu.

"Hiki ni kizuri mno kwa kazi hii," alisema Labhshankar.

"Nilikifua kwa ajili yake."

"Haya. Kitundike, ukaoge, tuingie ndani."

"Tangulia, kuhani. Nataka kukaa naye kidogo."

Kuhani akaenda zake. Vashram alitoa mtandio, akakifunika kimtungi vizuri, akaupitisha ukingo wake begani na kuufunga fundo na kitambaa chake, kama lilivyofungwa lile la kwanza. Kisha akaanza kuzunguka.

Ukuta haukuwepo tena, lakini alijua ulipokuwa, kwa sababu Monghi alikuwa amemsimulia. Hapa watengeneza ngozi, uzibe pua. Hapa jalala. Hapa kisima ambacho mwanamke mmoja alimpa maji bila kumuuliza ametoka lango gani. Jua lilikuwa kichwani na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kwa msiba. Alipumzika mara kwa mara. Alikuwa hajawahi kuuzunguka mji hata mara moja kwa miguu, na Monghi alikuwa amekwenda hivi kila mwaka, na kifurushi, na tumbo la uja uzito mara moja.

Alipokaribia Lango la Jua alisikia tarumbeta.

Harusi ilikuwa inaingia. Gari limepambwa maua ya manjano, ndani yake kuna msichana amefunikwa mpaka kidevuni. Vashram angeweza kupita mbele yao. Njia ilikuwa wazi. Lakini alijua wangemfanya nini msichana yule, na kwa miaka mingapi. Alikwenda akasimama pembeni, nyuma ya rundo la taka, akakigeuzia kimtungi upande wa pili ili hata kivuli chake kisimfikie bibi harusi. Alisubiri mpaka gari likapita, na tarumbeta zikapotea sokoni, na wanawake wa mwisho waliokuwa wanakokota viatu nao wakaisha.

Chini ya tembo wa mawe maua yalikuwa yametapakaa njia nzima.

"Monghi," alisema. Lilimtoka jina lake kwa shida, kama mtu anayetamka jina la mgeni. "Tumefika."

Akatanguliza mguu wa kulia.

Talakshi alikuwa mlangoni mwa duka lake, anapunga mkono kuwaaga wateja. Alimwona mzee aliyenyolewa kichwa, akaona na kitu chekundu.

"Vashram! Umebeba nini?"

"Mke wangu."

"Nini?"

"Mke wangu. Ninaingia naye."

Mkono wa Talakshi ulibaki hewani. "Umeleta majivu mjini? Kwa lango hili? Wewe mwendawazimu, toka! Toka nje!"

"Mlimvisha kama bibi harusi wenyewe," alisema Vashram. "Wake zenu walimgusa wapate bahati. Bibi harusi huingia mara moja. Basi anaingia."

"Mshikeni!" alipiga kelele Talakshi.

"Mshike wewe," alijibu mtu.

Hakuna aliyemshika. Nani atashika majivu ya Wa Kusini? Soko zima lilimpisha. Waliegemea kuta, walivuta watoto, walikunja sari zao zisimguse. Vashram alitembea katikati ya njia peke yake, juu ya maua, na hakuna bwana harusi yeyote mjini aliyewahi kupishwa namna ile.

Rambha alikuwa ameketi barazani anachagua mchele. Habari zilikuwa zimemtangulia Vashram.

"Usithubutu," alisema. "Usiingize kitu hicho humu ndani."

"Dada, bibi harusi amefika. Mpokee."

"Vashram, mimi ni dada yako mkubwa, nakuambia..."

"Mama alimpokea akiwa amenuna. Baba alikuwa na haraka. Mpokee wewe."

"Amekufa!"

"Ndiyo, dada. Ndiyo maana leo hatakujibu."

Vashram alidhani Rambha atalia, na pengine angelia, lakini alinyanyuka, akakusanya sari yake nyeupe, akaingia chumbani kwake akagongea komeo.

Kwa hiyo alifanya mwenyewe. Alichukua kibaba kutoka kwenye ungo wa Rambha, akakijaza mchele, akakiweka kizingitini. Akakishusha kimtungi, akakigusisha kibaba taratibu mpaka kikaanguka na mchele ukamwagikia ndani, kama unavyomwagwa kwa mguu wa bibi harusi. Akaingia naye, akamweka kwenye kona ya jiko, pale alipozoea kukaa. Alichemsha uji wa uwele. Ulikuwa na mabonge.

Hakuwa na la kumwambia. Hakuwahi kuwa nalo.

Asubuhi alitoka naye kwa Lango la Jua kwenda mtoni. Hakuna aliyemzuia, walikuwa wameshafunga maduka wasikutane naye. Alipomwaga majivu, kimtungi nacho akakiachia maji yakachukua. Aliporudi aliwakuta wanaosha lango kwa maziwa na mkojo wa ng'ombe. Labhshankar alikuwa anasoma maneno. Talakshi alimtazama akapita, akatema mate.

Mwaka ule mvua zilichelewa.

"Ni Vashram," watu walisema kisimani. "Aliingiza maiti mjini." Pampu ya maji ilipoharibika ilikuwa Vashram. Mjukuu wa mke wa muuza maziwa alipofeli mtihani ilikuwa Vashram. Mtu akienda kesini alituma kwanza mtu achungulie kama mzee yupo barazani. Jina la Wa Kusini halikutajwa tena. Halikuwa na kazi.

Vashram aliyasikia yote. Hayakumuuma. Kilichomuuma ni kingine. Alikuwa anapiga nyundo, siku moja, akasimama katikati, nyundo juu, maana alikuwa ameona jinsi lilivyokuwa jambo jepesi. Siku moja ya kutembea naye juani mpaka Lango la Jua. Maneno yangemhamia yeye, yakamwacha mke wake akaishi. Angeweza kulifanya mwanzoni kabisa, ana meno yote, ana nguvu, na Monghi bado yupo wa kuliona.

Mlango wa Rambha ulifunguka kidogo. Jicho likachungulia, likamwona Vashram barazani. Mlango ukafungwa tena, taratibu, na maji yakasikika yanamiminwa kikombeni ili safari ianze upya.

Vashram alishusha nyundo, akaendelea kufua.